Jiwe Lililokunywa Dawa

Taichung, 14 Oktoba 1990

Shangazi A-luan,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta mzima, miguu haikusumbui, na upepo wa huko kisiwani haujaanza kukupiga makofi ukienda bustanini. Huku tunashona miavuli kiwandani kutwa kucha, na mvua yenyewe hatujaiona tangu tufani ya mwezi wa nane. Karanga ulizotuma zimekwisha. Nyingi nilikula mimi, usimwambie mtu.

Baba hajambo. Mkono wa kulia unamuuma kidogo, ndiyo maana nimeshika kalamu mimi. Anakusalimu.

Nakuandikia kwa ajili ya Pete. Unamkumbuka yule kitatange mdogo ambaye Baba alimchota kwa kikombe kwenye madimbwi ya ufukweni, mwaka tulipokuja kumzika Bibi? Ulitucheka pale mlangoni: “Wenzenu wakitoka msibani huondoka na machozi, nyinyi mnaondoka na samaki na jiwe!” Basi Pete sasa ni mkubwa kama sahani. Zile duara nyeupe za utotoni zimemtoka, amevaa mistari ya njano kuanzia shingoni hadi mkiani. “Pete hana pete,” Baba alikuwa akisema kila akimlisha.

Ameugua. Ana vidoa vyeupe mwili mzima, kama aliyenyunyiziwa chumvi, na anajikuna kwenye mawe na kuhema upesi. Bwana Kuo, muuza samaki wa mtaa wa nyuma, amenipa dawa ya shaba. Haifai kutiwa kwenye tangi kubwa maana itaua kamba na konokono, kwa hiyo nimemhamishia Pete kwenye tangi dogo la wagonjwa, na lile kubwa litakaa bila samaki mpaka wadudu wa ugonjwa wafe njaa. Nimemwekea na jiwe la ukuta wako wa bustani. Baba hakunipa nafasi ya kupumua mpaka nilipolitia. Naona anahofia kwamba bila jiwe hilo Pete atajiona yuko ugenini.

Dawa hii haitaki mchezo. Unachota maji kwenye kichupa, unadondosha matone ya kupimia, maji yanageuka buluu. Buluu ikififia dawa haitoshi, ikikolea samaki anakufa kabla ya ugonjwa kumuua.

Shangazi, sitakuficha, si samaki tu ninayemhofia. Baba anakaa mbele ya kioo tangu asubuhi. Siku Pete asipokula, na yeye hali. Naweka bakuli la uji, analisukuma. Pete akifa sijui nitamfanyaje mtu huyu.

Tuombee hekaluni kwa Mama Mazu, mlinzi wa bahari.

Mwanao,
Pei-chuan


Hsiyu, Penghu, 9 Novemba 1990

Mwanangu Pei-chuan,

Marahaba. Mimi ni mzima. Chai-yun jirani anakusalimu, na kuku wake pia, kwa kelele zao. Kabichi zimeanza kufunga, isipokuwa zile zilizo mkabala na kitundu.

Na wewe A-fu, ndugu yangu, najua unasomewa, kwa hiyo sikiliza. Kitundu ulichoacha ukutani ulipong'oa jiwe lako bado kipo. Ulisema, “Dada, mwakani nitalirudisha na ukuta nitaukarabati.” Huo mwakani wako una miguu mizito! Upepo unapita hapo na mvuke wa chumvi, unachoma kabichi zangu mstari mmoja ulionyooka. Nimekiziba kwa kikapu kibovu. Wapwa wa Chai-yun walitaka kukiziba kwa saruji nikawafukuza.

Mkono gani huo unaouma hata kalamu haishikiki? Ulipovunjika mkono ukiiba viazi vya mzee Hung, mwalimu alikulazimisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Akatazama daftari akasema, “Nani kaachia kuku atembee kwenye wino?” Niandikie hata kwa mwandiko wa kuku, nitausoma.

Nilikwenda hekaluni kumuuliza Mama Mazu habari ya samaki. Nikarusha vile vibao viwili, vyote vikalala chali, maana yake Mama anacheka. Nikauliza tena, akacheka tena. Chai-yun akaniambia, “Unamuuliza mwenye bahari habari ya samaki aliyechukuliwa baharini kwake bila hodi. Ulitaka akujibu nini?” Nikanunua ubani wa ziada nikaomba radhi kwa niaba yenu wezi wawili.

Barua nyingine andika kwa jina la Chai-yun. Mtu wa posta ni mgeni, haijui nyumba yetu.

Ni mimi Shangazi yako,
A-luan


Taichung, 16 Desemba 1990

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako ilifika ikinukia karanga za kukaanga. Nyumba yako tangu lini ikanukia karanga? Jiko la kukaangia ni la Chai-yun. Na mtu wa posta gani asiyeijua nyumba ya Shangazi A-luan katika kijiji ambacho hata mbwa wanaijua? Siulizi sana. Nauliza tu.

Baba amefurahi ulivyomtukana. Nilipofika kwenye kuku na wino alifumba macho. Mkono bado.

Pete hajapona. Dawa inapotea, Shangazi. Asubuhi naitia napima, buluu iko sawasawa na ile ya kwenye kadi. Nikirudi kazini napima, maji yamepauka kama nguo iliyofuliwa sana. Vile vidoa vinadondoka, nafurahi, kumbe vimekwenda kuzaliana chini, baada ya muda vinarudi vikiwa vingi zaidi. Bwana Kuo anasema matone yangu yamechacha. Nimenunua mengine, mambo ni yale yale. Anasema niongeze dawa. Naiongeza kidogo kidogo, kwa sababu sijui ile ya jana imekwenda wapi. Kitu hakipotei hivi hivi. Ikiwa imejificha mahali halafu ikatoka yote siku moja, nitakuwa nimemuua kwa mikono yangu.

Halafu kuna amonia. Tangi la wagonjwa halina vijidudu hai vya kusafisha uchafu, kwa hiyo mkojo wa samaki mwenyewe unamuunguza. Kila siku natoa maji nusu natia mapya. Chumvi ya pakiti naikoroga mapema, naiacha ilale, napima uzito wake na joto lake, ndiyo naimimina polepole kwa kikombe. Kiwandani wananiuliza mbona mikono yangu ina nyufa kama ya mvuvi. Nawaambia ndiyo asili yetu.

Baba amepungua. Suruali anafunga kwa kamba. Juzi Pete aligusa chakula akakitema, na Baba, aliyekuwa na kijiko cha uji kinywani, naye akautema. Nilikwenda jikoni nikalia, nikarudi nikapangusa kidevu chake.

Pei-chuan


Hsiyu, 20 Januari 1991

Mwanangu,

Marahaba. Nyumba haijambo. Karanga ni karanga, zinanukia popote. Usiwe mpelelezi.

Nimefunga mwani mkavu na barua hii, ule mweusi tunaokwangua majabalini wakati wa baridi kali. Tulijifunga vitambaa usoni tukabaki macho tu, na bado Chai-yun aliutambua mwendo wangu kutoka mbali akapaza sauti, “Bata mzee, usianguke!” Nilimjibu neno ambalo siwezi kuliandika. Mwani huu mpe A-fu kwenye uji wa viazi vikavu, kama mama yetu alivyokuwa akimpikia. Kama ataukataa na huu, basi kweli mtu huyo amekuwa wa bara.

Upepo huu unanifanya nikumbuke ya zamani, nimekosa pa kuyaweka, nakuwekea wewe. Unajua ukuta wa bustani ulivyojengwa? Babu yako alivuta mawe ya matumbawe kutoka majini maji yakitoka, akayalundika nyuma ya nyumba. Sisi tukadhani kesho tunajenga. Thubutu! Yalikaa nje mvua na mvua, mpaka magugu yakaota juu yake. Babu yako alisema jiwe la bahari ni mlevi. Linakunywa kila kitu, na lilichokunywa haliachi mpaka unywe nalo subira. Ukilijenga na chumvi tumboni, litakuja kuitapika ukutani miaka yote. Mzee Hung hakusubiri, na nyumba yake hadi leo inatoa unga mweupe kama mtu mwenye mba.

Kazi ya kupima ilikuwa yetu, mimi na baba yako. Kila baada ya mvua kubwa tulitumwa kulamba mawe. A-fu alikuwa na ulimi mwepesi kuliko wangu. Alipita akilamba kama mbuzi, “Bado! Bado! Bado! Hili limeiva!” Lililoiva Babu alilitia alama ya mkaa. Siku moja nilipaka jiwe moja mchuzi wa samaki. Alililamba, akatafakari, akatangaza, “Hili limeiva, tena lina pilipili.” Babu alicheka mpaka akakaa chini. Jiwe hilo ndilo alilolichagua kuondoka nalo siku ya mazishi ya mama. Sikumuuliza kwa nini. Nilijua.

Kila nikipita kwenye kitundu namkumbuka. Ni upumbavu, lakini nimelisema.

A-luan


Taichung, 24 Februari 1991

Shangazi yangu,

Shikamoo, na heri ya mwaka mpya wa kalenda ya mwezi. Keki ya sukari guru imefika, na mwani ulifika kabla yake. Kaa chini kabla ya kuendelea kusoma. Chai-yun akiwa karibu, mwambie na yeye akae.

Nilimsomea Baba barua yako ya kulamba mawe. Nilipofika kwenye “tena lina pilipili”, akacheka. Sauti ilitoka, Shangazi. Sikuwa nimeisikia sauti ile tangu mwezi wa nane.

Baba alipigwa na kiharusi siku ya pili baada ya tufani. Upande wa kulia umelala na maneno yamekwama. Mkono niliosema unamuuma hauumi hata kidogo, na hapo ndipo penye shida. Nilisema anakusalimu, kumbe hasemi. Sikukuambia kwa sababu neno la mwisho alilotamka, akiwa amenishika kola, lilikuwa “Dada.” Nilidhani anamaanisha dada asiambiwe. Mara nyingine nikadhani anamaanisha dada aitwe. Nimelala na neno hilo miezi yote, na nimechagua lile lililokuwa rahisi kwangu. Nisamehe.

Sasa sikiliza alichofanya. Alipomaliza kucheka alitoa ulimi. Nikamletea maji, akayasukuma. Nikamchungulia kinywani, akanizomea kwa macho. Akanyoosha mkono wa kushoto kwenye tangi la wagonjwa, akatoa ulimi tena, kama mtoto anayemkejeli mwalimu. Nikamwambia, “Baba, acha mzaha, nimechoka mimi.” Akapiga kioo kwa kiganja. Pete alishtuka akajificha nyuma ya jiwe, nami macho yakamfuata, yakaishia kwenye jiwe.

Jiwe lilikuwa linalamba. Mimi natia shaba, lenyewe linakunywa, Pete anaachiwa mabaki. Lile jiwe alilonilazimisha nilitie ili samaki asijione mgeni ndilo lililokuwa likimnyima dawa. Na Baba alilijua hilo kabla yangu, kwa ulimi.

Nililitoa saa ile ile nikabadilisha maji karibu yote. Kesho yake buluu ilibaki buluu. Nilirukaruka kama kichaa. Siku chache baadaye nilirudi kazini nikamkuta Pete amelala ubavu sakafuni mwa tangi, shavu linapanda na kushuka, na Baba amejivuta na kiti mpaka paji la uso limegusa kioo. Shaba ilikuwa sawa. Amonia ilikuwa sawa. Nikapima ukali wa maji, yaani tindikali, yalikuwa yamechacha. Kumbe jiwe, pamoja na ulevi wake, ndilo lililokuwa likiyatuliza maji yasiwe makali, na shaba ndani ya maji makali huwa sumu kali zaidi. Nimelitoa na sikutia kitu mahali pake!

Nilikimbilia magadi ya jikoni, nikayeyusha kidogo kwenye kikombe, nikadondosha. Kuyatia yote kwa pupa kungemuua vilevile. Nikadondosha, nikasubiri, nikapima, nikadondosha tena. Baba alinishika upindo wa gauni muda wote huo. Nilimwambia, “Akifa, Baba, wewe utakula. Unanisikia? Utakula kwa ajili yangu.” Hakunitazama.

Hakufa. Aliinuka kwanza kichwa, kisha mwili, akasimama wima kama mlevi anayejaribu kumdanganya mkewe. Vidoa vilianguka na safari hii havikurudi. Na mwani wako, Shangazi! Nilifunga kipande kwenye uzi nikakiteremsha. Alikizunguka, akakiangalia, akakinyofoa kwa nguvu mpaka uzi ukaniponyoka. Niligeuka kumwambia Baba. Alikuwa amefungua kinywa, anangoja chake.

Alimaliza bakuli zima.

Limebaki jiwe. Bwana Kuo anasema halitarudi majini tena maisha, limejaa shaba, nilitupe. Nililifunga kwenye gazeti. Baba alilifungua kwa mkono mmoja akalipakata, na sasa hatuelewani juu ya hilo.

Mwanao anayestahili bakora,
Pei-chuan


Hsiyu, 12 Machi 1991

Pei-chuan,

Nimekasirika. Nimekukasirikia asubuhi, mchana nikamkasirikia yeye, jioni sikuwa na wa kumkasirikia nikalia kwa Chai-yun, akanipa karanga kama vile mimi ni kasuku.

“Dada” maana yake ni dada. Aitwe, asiitwe, ananitaja mimi. Usijiulize tena.

Na mimi nina langu, kwa kuwa tumeamua kuvuana nguo. Paa la nyumba lilianguka katika tufani ile ile. Nimekaa kwa Chai-yun tangu wakati huo. Sikuandika kwa sababu nilijua A-fu angekuja mbio kupanda juu ya kuta na umri wake. Kumbe yeye amelala huko hawezi kupanda hata ngazi, nami nakaa hapa namficha ili asipande! Tumekuwa wapumbavu wa ukoo mmoja.

Wajenzi wanataka kubomoa kila kitu wajenge ya saruji. Nimewaambia nyumba chukueni, mimi nimezeeka, nataka paa lisilovuja. Ukuta wa bustani hauguswi. Wamesema basi angalau wazibe kitundu. Nikasimama mbele yake na jembe. Sasa wanasema nimerukwa na akili, na sijawakanusha.

Jiwe usilitupe. Liweke nje, mvua ilioshe, kama alivyofanya Babu. Na mwambie huyo mwenye ulimi mwepesi kwamba safari hii ASILAMBE, shaba si mchuzi wa samaki. Wewe una matone yako, pima kwa hayo. Likiiva mtalileta. Sitazibiwa kitundu na mtu mwingine.

A-luan


Taichung, 2 Juni 1991

Shangazi,

Shikamoo. Mvua za majira ya plamu zimeanza, au tuseme zimetuangukia, nguo hazikauki na ukuta wa bafu umeota ukungu. Kiwandani hatupati hata nafasi ya kula. Pete amerudi kwenye tangi kubwa na tayari ameanza ubabe, anawafukuza wenzake kwenye chakula.

Jiwe liko kibarazani, juu ya matofali mawili. Baba anataka kiti chake kiwekwe mlangoni mvua ikianza. Anaiangalia ikilipiga jiwe, maji yakichuruzika, na siku nyingine anasinzia hapo hapo uso ukiwa umerowa. Kila baada ya mvua kubwa nalilowesha kwenye ndoo ya maji safi, nachota kwenye kichupa, nadondosha matone. Yeye ananikodolea macho. Mwanzo maji yaligeuka buluu waziwazi. Sasa buluu ni ya kuitafuta kwa kuinua kichupa kwenye mwanga. Namwambia, “Bado.” Anapiga goti lake. Mara ya mwisho alijitahidi mpaka mshipa ukamtoka shingoni, akasema pamoja nami: “Ba... do.” Ni neno la pili, baada ya “Dada.”

Daktari anasema anaweza kusafiri, tukimshika vizuri. Nimeomba ruhusa kiwandani kwa mwezi wa tisa.

Alinipokonya kalamu hapa. Yaliyo chini ni yake, kwa mkono wa kushoto. Imemchukua jioni nzima na hakutaka nimsaidie. Ulisema utausoma mwandiko wa kuku.

Pei-chuan


DADA
USIZIBE
NAKUJA NALO